Redio ya Wembe na Kalamu ya Risasi

Mwezi wa Januari 1944, majeshi ya Marekani na Uingereza yaliteremka katika pwani ya Anzio, nchini Italia, kusini ya mji wa Roma. Yalitarajia kusonga mbele upesi. Badala yake yalizuiwa na Wajerumani, na askari wakakaa mahandakini kwa miezi minne. Humo ndimo kilimopata sifa chombo ninachotaka kukieleza hapa: redio iliyotengenezwa kwa wembe uliokwisha kutumika.

Redio za kawaida za wakati huo zilihitaji betri, tena baadhi yake, zinaposikilizwa, zilitoa mawimbi yao wenyewe, hata adui mwenye mitambo akaweza kujua zilipo. Kwa sababu hiyo askari walikatazwa kuwa nazo karibu na mapambano. Redio ya wembe haikumfichua ye yote. Haikuwa na betri. Nguvu yake yote ilitoka katika mawimbi yaliyonaswa na eriali.

Namna ya kuiunda ilikuwa hivi. Waya wa shaba ulizungushwa juu ya bomba la karatasi ngumu au kipande cha mti, ncha yake moja ikaungwa na eriali, ya pili ikapelekwa ardhini. Wembe uligongomewa juu ya ubao. Kando yake ikawekwa pini iliyokunjwa, na nchani mwake kipande cha kalamu ya risasi kilichogusa wembe kwa wepesi sana. Kilichobaki ni kisikilizio cha kuweka sikioni. Wembe uliopendwa ni ule wa rangi ya buluu, ama uliounguzwa motoni, ama wenye kutu kidogo. Msikilizaji alisogeza ncha polepole, akitafuta mahali penye sauti. Akitikisika kidogo, sauti ikapotea.

Siri yake ni nini? Umeme unaoletwa na mawimbi hayo huenda mbele na kurudi nyuma mara laki nyingi kwa sekunde moja, na kisikilizio hakiwezi kufuata mbio hizo. Lakini pale ncha ya kalamu inapogusana na kutu, umeme hupita kwa urahisi upande mmoja kuliko wa pili. Ni mfano wa dema la mvuvi: samaki huingia, kutoka hawezi. Unaosalia hupanda na kushuka kwa kadiri ya sauti ya msemaji, nao sikio hulitosha.

Hapa mwalimu wa lugha hana budi kutua kidogo. Kalamu ya risasi haina risasi hata chembe. Ndani yake mna grafiti, ndugu wa makaa. Risasi ya kweli imo katika galena, jiwe lililofanya kazi hiyo hiyo kabla ya wembe. Mjerumani Ferdinand Braun aligundua mwaka 1874 kwamba mawe ya aina hiyo hupitisha umeme upande mmoja. Jagadish Chandra Bose, mtaalamu wa Bengal, alipata hataza ya Marekani mwaka 1904 kwa kifaa cha galena. Naye Mmarekani Greenleaf Whittier Pickard alipata yake ya silikoni mwaka 1906. Mwaka 1922 serikali ya Marekani yenyewe ilitoa kijitabu cha kuwafundisha raia kujitengenezea redio ya jiwe nyumbani.

Uholanzi jambo hili lilikuwa zito zaidi. Mwezi wa Mei 1943 Wajerumani waliokuwa wakiitawala waliamuru wananchi wasalimishe redio zao. Wengi wakaunda za jiwe kwa siri, zilizo rahisi kufichwa, wapate kusikia Radio Oranje kutoka London. Aliyekamatwa aliadhibiwa.

Anzio, kilichosikika wembeni mara nyingi kilikuwa kituo cha adui: nyimbo nzuri, na sauti ya mwanamke akiwashawishi askari wakate tamaa. Walizifurahia nyimbo, maneno wakayacheka.

Mwalimu atakayependa kuijaribu na wanafunzi wake ajue kwamba redio hii hunasa masafa ya kati tu, si FM, na kituo kiwe karibu na chenye nguvu. Visikilizio vya redio ndogo za siku hizi havifai. Atafute vile vya ukinzani mkubwa. Tena eriali iteremshwe mawingu ya radi yanapokusanyika.