Udongo Wetu, Vita na Walinzi wa Amani

Katika yubile hii tunamshukuru Mungu kwa ajili ya ubatizo, ndoa na masomo ya watoto wetu. Lakini haifai tuandike historia ya majengo na ya sherehe tu, na kuacha historia ya udongo unaotulisha, ambamo wengi wetu walimwaga damu.

Wamisionari wa Assomption walifika kwetu katika mwaka 1929. Siku zilezile kompani ya Minière des Grands Lacs ilitafuta zahabu, na kituo chake cha Butembo kikawa mji. Hivi misioni na machimbo vilikua karibu karibu. Katika mwaka 1982 serikali ya Zaire iliwaruhusu raia kuchimba kwa mikono yao wenyewe, na vijana wengi wakaingia porini kwa upande wa Manguredjipa. Zahabu na kahawa zilijenga nyumba nyingi za Butembo. Mali hiyo haikuwa laana.

Vita ndivyo vilivyoigeuza. Kuanza Agosti 1998 majeshi ya Uganda na vikundi vya waasi walishika inchi yetu. Katika mwaka 2001 wajuzi waliotumwa na Umoja wa Mataifa waliandika waziwazi kwamba zahabu, mbao na kahawa za Kongo zilipita mpaka bila haki, na kwamba faida yake ililisha vita. Mwenye bunduki aliyeshika barabara na soko aliona vita ni kazi yenye mshahara, na mtu wa namna hiyo haombi amani upesi.

Katika Oktoba 2014 mauaji makubwa yalianza katika Beni na vijiji vyake, na kundi la ADF likajulikana kwa mapanga yake. Watu waliuawa hasa mashambani na njiani: Mbau, Oicha, Eringeti. Hatusemi kwamba kakao ndiyo sababu ya mauaji yote. Lakini tunajua kazi ya kakao. Mti wake unangojewa miaka 3 ao zaidi mbele ya kuzaa. Matunda yakiiva, hayangoji. Mkulima akikimbia wakati huo, mwingine anachuma, anakausha, anauza, na mnunuzi haulizi gunia limetoka wapi. Basi kila familia ilipaswa kuchagua: kukaa mjini na njaa, ao kurudi shambani na hofu. Wengi walirudi, na wengine hawakuonekana tena.

Walinzi wa amani walikuwapo. MONUC ilianzishwa katika mwaka 1999, ikaitwa MONUSCO katika mwaka 2010. Katika mwaka 2013 iliongezewa brigadi ya Tanzania, Afrika ya Kusini na Malawi, yenye ruhusa ya kushambulia. Tusisahau askari 15 wa Tanzania waliouawa katika kambi ya Semuliki, tarehe 7 Desemba 2017. Wao pia walikuwa watoto wa mama. Lakini wao walilinda kambi na barabara kubwa, nao wauaji walipita njia ndogo za shamba. Uchungu wa raia ukawa hasira: katika Julai 2022 raia na walinzi wa amani 3 walikufa katika Butembo. Damu hiyo haikumrudishia mkulima hata mmoja shamba lake.

Eklezia nayo ilitoa sadaka yake. Tarehe 19 Oktoba 2012 mapadri 3 walitekwa katika paroki ya Mbau, wasirudi. Tarehe 20 Machi 2016 Padri Vincent Machozi, aliyetangaza habari za mauaji, alipigwa risasi karibu na Butembo.

Katika kitabu cha Walawi, mwaka wa yubile ni mwaka wa kila mtu kurudia urizi wake. Basi tusidanganyane: amani haitakuwa kamili siku bunduki zinaponyamaza tu, bali siku mjane wa Mbau atakapochuma kakao yake mwenyewe na kuiuza kwa bei ya haki. Na sisi tunaonunua na kuuza sokoni, tuanze leo kuuliza: gunia hili ni jasho la nani?