Waliomtunga Mirambo

Shujaa wa hadithi za picha aghalabu hana mtungaji mmoja. Superman, aliyetolewa mwaka wa 1938, alitungwa na Jerry Siegel akachorwa na Joe Shuster, na baada yao wengi wengine walimwongezea nguvu au kumpunguzia. Batman alihesabiwa kwa miaka mingi kuwa wa Bob Kane peke yake. Jina la mwandishi Bill Finger, aliyempa sehemu kubwa ya sura na tabia yake, halikukubaliwa rasmi kuwekwa pamoja na la Kane ila mwaka wa 2015. Swali hili la nani ahesabiwe mtungaji halikuzaliwa Marekani. Unyamwezi yuko mtu wa kweli aliyegeuzwa shujaa kwa mikono mingi vivyo hivyo, naye ni Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyefariki tarehe 2 Desemba 1884.

Kazi hiyo ilianza kwake mwenyewe na askari wake, ruga-ruga. Jina lake la awali ni Mtyela, mwana wa Kasanda, mtemi wa Uyowa. Mirambo ni jina la vita, nalo hufasiriwa kuwa "maiti". Wenye kuzijua lugha za Kibantu wataitambua mi- ya wingi: mtu mmoja anaitwa kwa umbo la wengi, na jina halimtaji yeye bali linawahesabu waliouawa. (Kinyamwezi hakitenganishi maana kwa r na l, ndiyo maana mjini Tabora kambi ya jeshi huitwa Mirambo, na shule ya sekondari huitwa Milambo.)

Kisha ikaja kalamu ya Henry Morton Stanley. Mwezi wa Agosti 1871, akiwa safarini kumtafuta Livingstone, alikaa Kwihara karibu na Tabora, akajiunga na Waarabu wa Unyanyembe kwenda kumpiga Mirambo. Walishindwa vibaya. Mirambo akauingia mji, akachoma sehemu yake, na Khamis bin Abdallah akauawa. Kitete na mitaa mingine ya Tabora ya leo imo katika nchi ile iliyogombaniwa kwa ajili ya njia ya misafara na ushuru wake. Katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1872, Stanley alimwonyesha Mirambo kama jambazi wa njiani. Lakini mwezi wa Aprili 1876 walikutana, wakafanya udugu wa damu, na katika kitabu cha mwaka wa 1878 anatokea mtu mwingine kabisa: mpole wa sauti, amevaa kilemba na mavazi ya Kiarabu, ana upanga. Mirambo hakubadilika kiasi hicho katika miaka mitano. Mwandishi ndiye aliyekuwa adui, sasa akawa ndugu. Stanley ndiye pia aliyemlinganisha na Napoleon Bonaparte, na mfano huo umerudiwa mno vitabuni kuliko habari za ushuru. Ni hasara kubwa, kwani bila ushuru na pembe za ndovu vita vile havifahamiki.

Daktari Southon wa London Missionary Society, aliyekaa Urambo tangu 1879 hadi kufa kwake mwaka wa 1882, aliandika juu ya mtawala wa kila siku, mwenye kutaka biashara na wageni wa kumfaa.

Kwa wasomi wa Kiswahili, shahidi mwenye thamani zaidi ni Tippu Tip. Maisha yake, aliyoyaeleza kwa Kiswahili, yalichapwa na Heinrich Brode mwaka wa 1902 na 1903, na East African Swahili Committee ikayatoa tena pamoja na tafsiri ya Whiteley mwaka wa 1958 na 1959. Humo Mirambo si jambazi wala Napoleon. Ni mtu mwenye nguvu njiani, wa kupigana naye au kupatana naye, na Tippu Tip alipatana naye.

Mwaka wa 1966 J. B. Kabeya alitoa kitabu chake cha Kiswahili, naye alimwita Mirambo mtawala shujaa tangu kichwa cha kitabu. Taifa changa lilihitaji watu wa namna hiyo. Lakini waliotunga mapema zaidi, yaani wapagazi na waimbaji waliolipeleka jina lile hadi pwani, hawakutajwa kwa majina yao. Wala hawakutajwa watu wa Uvinza na Usumbwa, waliolisikia jina lile likija pamoja na moto.