Nani Atasimama Nawe Bwenini? Imani ya Kikristo na Shinikizo la Rika

Taa za bweni zimezimwa, chupa inapita kitanda hadi kitanda. Anayeikataa huitwa mlokole, na bweni zima hucheka. Wanaocheka pengine hawajui neno hilo limetoka wapi. Balokole, yaani waliookoka, ni jina la Kiganda walilopewa watu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, uliochipuka Gahini, Rwanda, na kuenea miaka ya 1930. Watu hao hawakuushika wokovu kila mtu kivyake. Walikutana mara kwa mara, wakaungama mbele ya wenzao na kuitana ndugu. Mafundisho tunayowapa vijana leo yameukumbuka wokovu, yakawasahau ndugu.

Kijana wa miaka 15 huambiwa asali, asome Neno, asifuate mkumbo. Ni maneno ya kweli, ila yanamwachia mzigo wote yeye. Mara nyingi hainywi ile pombe kwa kuipenda. Anaogopa kesho atakula peke yake. Mwaka 1951 mwanasaikolojia Solomon Asch alichapisha majaribio ya kulinganisha urefu wa mistari, ambamo kundi lililopangwa lilitoa jibu la uongo waziwazi. Karibu theluthi moja ya majibu ya washiriki yalifuata uongo huo. Alipotokea mtu mmoja tu wa kusema kweli kabla yao, kufuata mkumbo kulipungua sana. Mmoja tu!

Kanisa letu lina ushahidi wa zamani zaidi. Vijana wengi waliochomwa moto kwa ajili ya imani yao huko Namugongo, Uganda, tarehe 3 Juni 1886 walikuwa watumishi wa ikulu ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, waliolala, kula na kufundishana dini pamoja. Kizito, mwenye miaka kama 14, alibatizwa na Charles Lwanga, kiongozi wao, saa chache kabla ya kuhukumiwa. Mbaga Tuzinde alikuwa jamaa wa mnyongaji mkuu. Ndugu zake walimsihi aikane imani au akubali kufichwa, naye akabaki na wenzake. Tukiwahubiri kama mashujaa wapweke, tunawapunja vijana wetu nusu ya habari.

Kuna pingamizi zito: ushirika nao waweza kuwa mkumbo. Ni kweli. Nimeona vikundi vya maombi ambamo mwenye shaka hutazamwa kama msaliti, akajifunza kunyamaza na kuigiza. Kipimo changu ni kimoja: je, kijana anaweza kusema, "Jana nilishindwa, nilikunywa," na Jumapili akawekewa nafasi kwenye benchi lilelile? Asipoweza, hapo pana shinikizo jingine lililovaa msalaba.

Basi, mwalimu wa kipaimara, kabla hujampa mtoto aya ya kukariri, muulize jina la mwenzake mmoja atakayesimama naye bwenini. Akikosa la kutaja, kazi yako ya kwanza ni kumtafutia.