Kukwama Kwenye Theluji: Historia ya Chombo na Hatari Yake

Pikipiki ya theluji ni chombo cha injini cha mtu mmoja au wawili. Mbele kinabebwa na skii mbili zinazogeuzwa kwa usukani, na nyuma kinasukumwa na mkanda mpana wa mpira unaozunguka kama mnyororo wa tingatinga. Kinatumika katika nchi ambazo theluji hufunika ardhi kwa miezi mingi ya mwaka: Kanada, kaskazini mwa Marekani, Alaska, Norwei, Uswidi, Ufini na Urusi. Siku hizi wengi hukijua kwa mashindano na starehe, ilhali chimbuko lake ni kukwama. Waliokibuni walikuwa watu waliofungiwa na theluji, wakitafuta namna ya kumfikia daktari, mgonjwa au windo. Na kila kilipoboreshwa, mahali pa kukwama palisogea mbali zaidi na nyumbani.

Katika miaka ya 1920 na 1930, barabara nyingi za mashambani katika jimbo la Quebec, Kanada, hazikusafishwa theluji. Theluji nzito ya kwanza ilipoanguka, mwenye gari alimwaga maji ya rejeta, akaliinua juu ya magogo na kuliacha hapo hadi baridi ipite. Safari zilizobaki zilikuwa za farasi na sleji, yaani chombo kisicho na magurudumu kinachoburuzwa juu ya theluji. Kijiji kilichokuwa kilomita 50 kutoka hospitali kiliishi kama kijiji cha bondeni wakati wa masika, daraja likiwa limesombwa: hospitali ipo, daktari yupo, njia ndiyo haipo.

Waliotangulia kutafuta dawa ya tatizo hili waliligeuza gari lenyewe. Virgil White wa Ossipee, jimbo la New Hampshire, alipata hataza mwaka 1917 ya vifaa vya kubadilisha Ford Model T: skii mahali pa magurudumu ya mbele, na nyuma magurudumu ya ziada yaliyofungwa mnyororo. Huko Urusi, fundi Mfaransa Adolphe Kégresse, aliyesimamia magari ya Mfalme Nikolai II, aliyafunga magari hayo mikanda ya mpira nyuma ili yapite kwenye theluji. Mapinduzi ya 1917 yalimrudisha Ufaransa, naye akaupeleka ubunifu wake kwa kampuni ya Citroën. Mkanda huo uliozaliwa katika theluji ya Urusi ndio uliofika Afrika Mashariki: msafara wa Citroën ulioondoka Algeria Oktoba 1924 ulivuka Sahara na Kongo, ukagawanyika Kampala, na mwaka 1925 kundi moja likateremkia Mombasa na jingine Dar es Salaam.

Chombo cha kwanza kinachofanana kweli na pikipiki ya theluji ya leo ni kazi ya Carl Eliason wa Sayner, jimbo la Wisconsin. Miguu yake ilikuwa na kasoro, na katika uwindaji wa majira ya baridi hakuweza kufuatana na wenzake. Mwaka 1924 alichukua sleji ndefu ya mbao, akaifunga injini ndogo ya mashua, vipuri vya baiskeli na kipande cha rejeta ya Ford, akapata kitu cha kumwezesha kutoka nyumbani na kurudi. Hataza aliipata mwaka 1927.

Aliyeubadilisha ubunifu huu kuwa biashara ni Joseph-Armand Bombardier, aliyezaliwa Valcourt, Quebec, mwaka 1907. Akiwa na miaka 15, siku ya mwisho ya mwaka 1922, yeye na ndugu yake waliipitisha kijijini sleji iliyosukumwa na pangaboi lililozungushwa na injini ya Ford. Baba yao aliamuru ivunjwe papo hapo, maana pangaboi lililokuwa wazi lingeweza kumkata mtu. Kijana hakuacha. Mwaka 1926 alifungua gereji yake, na kila mwaka, magari ya kutengeneza yalipopungua kwa sababu ya theluji, alirudi kwenye majaribio.

Katika majira ya baridi ya 1934 mwanawe Yvon, mtoto wa miaka 2, alishikwa na kidole tumbo na ugonjwa ukaenea tumboni. Hospitali ilikuwa Sherbrooke, yapata kilomita 50. Barabara zote zilikuwa zimezibwa. Chombo alichokuwa akikiunda baba huyo kilikuwa bado hakijawa tayari kwa safari, na mtoto akafa.

Kilichokuwa kimemshinda fundi huyo ni kitu kimoja. Theluji laini haihimili uzito unaokandamiza mahali padogo, hivyo gurudumu huchimba na kuzama. Mnyororo wa chuma hutandaza uzito, lakini ni mzito, na barafu hujikusanya kwenye viungo vyake mpaka vikagoma. Mwaka 1935 Bombardier alipata jibu: gurudumu lenye meno lililofunikwa kwa mpira, linalouma mkanda wa mpira na pamba ulioimarishwa kwa vyuma vya kukingama. Mpira ulijipinda pasipo kuvunjika, na barafu ilibanduka yenyewe. Alipata hataza yake mwaka 1937, na gari lake la abiria 7, lililoitwa B7, likaanza kuuzwa. Mwaka 1942 likafuatia B12 la abiria 12, lenye madirisha ya mviringo kama ya meli. Magari haya yalibeba wagonjwa, barua, mapadri na madaktari, na jingine kubwa zaidi lilitengenezwa kupeleka watoto shuleni. Ni haki kusema kwamba kwa familia nyingi za Quebec ndiyo yaliyokomesha kifungo cha miezi mitano.

Biashara hiyo iliyumba mwaka 1948, serikali ya Quebec ilipoanza kusafisha barabara za vijijini. Mauzo yalishuka, na kampuni ikageukia mitambo ya misituni na kwenye vinamasi. Bombardier mwenyewe alikuwa na ndoto ya zamani ya chombo chepesi cha mtu mmoja, na mwaka 1959, injini ndogo zilipokuwa zimepatikana, akatoa Ski-Doo. Injini yake ilikuwa ya nguvu-farasi 7, na mwendo wake kama kilomita 40 kwa saa. Kimojawapo cha vyombo vya mwanzo kabisa alipewa padri Maurice Ouimet, mmisionari wa Lansdowne House kaskazini mwa Ontario, aliyekuwa akizungukia waumini wake kwa sleji ya mbwa.

Wakati huohuo, huko Roseau, jimbo la Minnesota, karakana ya akina Hetteen na David Johnson ilikuwa imeunda chombo cha namna hiyo tangu katikati ya miaka ya 1950, na kampuni yao iliitwa Polaris. Watu wengi hawakuamini kwamba mashine hizo zingeweza kwenda mbali na karakana. Edgar Hetteen alitaka kuwathibitishia. Machi 1960 yeye na wenzake watatu waliondoka Bethel, magharibi mwa Alaska, wakapita nchi hiyo ya theluji hadi Fairbanks, safari ya zaidi ya kilomita 1,500. Walifika. Washirika wake hawakufurahia gharama na muda uliotumika; baadaye alijitenga akaanzisha kampuni nyingine huko Thief River Falls, iliyojulikana kama Arctic Cat.

Jaribio kubwa zaidi lilikuja na Ralph Plaisted, wakala wa bima kutoka Minnesota. Mwaka 1967 aliongoza kikosi kuelekea Ncha ya Kaskazini kwa pikipiki za theluji. Dhoruba na nyufa za maji kwenye barafu ya bahari ziliwazuia katikati, wakalazimika kuondolewa kwa ndege. Mwaka uliofuata walirudi, na baada ya siku 43 juu ya barafu, watu wanne, akiwemo Jean-Luc Bombardier, mpwa wa mbunifu, walifika nchani Aprili 1968. Ndege ya jeshi la anga la Marekani ilithibitisha mahali walipokuwa. Sifa walizopata walizistahili, lakini jambo moja husahauliwa: ndege zilikuwa zikiwaletea mafuta na chakula njiani. Bila ndege, mashine zile zingezimika zote mbali na nchi kavu.

Wenyeji wa Aktiki waliielewa mapema kuliko wote tofauti kati ya kusafiri kwa mashine na kusafiri kwa mbwa. Kwa Wainuit, safari ya mbwa ilikuwa polepole, lakini ilikuwa na kinga zake. Mbwa mmoja akiumia, waliobaki waliendelea kuvuta. Kiongozi wao aliweza kufuata njia ya nyumbani gizani, hata bwana wake asipoona kitu. Mbwa walilala kwenye theluji wakafunikwa nayo, na nyama ya windo lililopatikana njiani ilikuwa chakula cha mtu na mafuta ya safari kwa pamoja. Dhoruba ilipopiga, msafiri alichomoa kisu chake kirefu cha theluji, akapapasa kutafuta theluji iliyoshindiliwa na upepo, akakata matofali na kuyapanga kwa mzunguko unaopanda ukiinamia ndani. Fundi mzoefu alimaliza iglu ndogo ya usiku mmoja kwa muda usiozidi saa mbili, akaingia, akaziba mlango na kungoja. Hakujiona amekwama; alikuwa amepiga kambi.

Katika miaka ya 1960 mashine zilichukua nafasi ya mbwa haraka mno. Sababu haikuwa mashine peke yake: mbwa wengi walikufa kwa maradhi, na wengi walipigwa risasi na polisi wa Kanada katika miaka ya 1950 hadi 1970, jambo lililoacha jeraha ambalo Tume ya Ukweli ya Wainuit wa Qikiqtani ililiandikia ripoti mwaka 2010. Mwindaji sasa alifika kwa saa chache mahali palipomchukua siku kadhaa. Ila mashine ikizimika, haikuwa na akili ya kurudi nyumbani. Wazee waliona vijana wakienda mbali bila kisu cha theluji na bila kujua kukitumia, na hofu yao ilikuwa na msingi. Kwa Wasami, wenyeji wa kaskazini mwa Ufini, hasara ilikuwa ya namna nyingine. Mwanaanthropolojia Pertti Pelto, katika kitabu chake cha 1973 juu ya wafugaji wa Sevettijärvi, alionyesha jinsi bei ya mashine, petroli na vipuri ilivyowaondoa wenye mifugo michache katika ufugaji wa kulungu wa kaskazini.

Huko kusini starehe ndiyo iliyotawala. Mwaka 1971 ziliuzwa karibu pikipiki nusu milioni Amerika Kaskazini, nyingi kwa watu wa mijini waliokwenda misituni Jumamosi na Jumapili. Hapo kukwama kukawa ajali ya kawaida, na sababu zake hazijabadilika sana. Injini ndogo za zamani, zilizochanganyiwa oili kwenye petroli, zilichafua plagi na kuzimika. Kwenye theluji laini mashine hunywa mafuta mengi kuliko dereva alivyokadiria. Akiongeza moto akiwa ameanza kuzama, mkanda huchimba shimo, na mzigo wa zaidi ya kilo 200 hukaa chini ukitazama juu. Kwenye mito na maziwa, maji hupanda juu ya barafu na kujificha chini ya theluji. Mashine ikiingia humo ikatoka, maji huganda kwenye mkanda na kuufunga.

Kipuri kinachokwamisha wengi ni kidogo: mkanda wa mpira wenye umbo la V unaounganisha puli ya injini na puli ya nyuma. Ukikatika, injini huunguruma lakini chombo hakisogei. Anayebeba wa akiba hufungua boneti, huitanua puli ya nyuma, huupitisha mkanda mpya kwa vidole na kuuzungusha ukae. Ni kazi ya dakika chache gerejini. Kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, gizani, glavu zikiwa zimevuliwa na vidole vimekufa ganzi, ni kazi nyingine kabisa. Asiye na mkanda wa akiba hubaki na miguu yake, na hapo ndipo hesabu inapomgeukia: nusu saa ya kuendesha ni kilomita 20 au zaidi, na mtu anayezama hadi kiunoni huenda asimalize hata kilomita moja kwa saa. Jasho la kuhangaika huilowesha nguo, na nguo mbichi huutoa mwili joto. Joto la ndani likishuka chini ya nyuzi 35, mtu hutetemeka, ulimi huwa mzito na maamuzi huharibika, naye huiacha mashine na kutembea kuelekea kusikojulikana. Ndiyo sababu waokoaji walianza zamani kufundisha jambo linaloonekana kama woga: baki na chombo, chimba pango. Theluji hushika hewa, na ndani ya pango dogo lililozibwa vizuri joto hukaribia nyuzi 0 hata nje kukiwa na baridi ya kuua, ilimradi tundu la hewa liachwe wazi.

Kuanzia miaka ya 1990 mashine za mikanda mirefu, na baadaye injini za nguvu-farasi zaidi ya 150, ziliwafungulia waendeshaji milima ambayo awali haikupandika, na maporomoko ya theluji yakaongezeka katika orodha ya hatari. Machi 1999 poromoko moja kwenye mlima ulio karibu na Turnagain Pass, Alaska, liliua waendeshaji sita. Redio ndogo ya kumtafuta aliyefukiwa ilikuwepo tangu 1968, kazi ya John Lawton, lakini ni lazima wenzako wawe nayo na wawe karibu. Kwa aliyekwama peke yake msaada ulitoka angani: mtandao wa setilaiti wa Cospas-Sarsat, ulioanzishwa na Kanada, Ufaransa, Marekani na Umoja wa Kisovieti, uliwezesha uokoaji wake wa kwanza Septemba 1982, wa watu watatu walioanguka na ndege milimani British Columbia. Marekani iliruhusu vifaa binafsi vya kuita msaada kwa njia hiyo nchi nzima mwaka 2003, na mwishoni mwa 2022 simu ya kawaida ya mfukoni ikaanza kutuma ishara ya dharura kwa setilaiti. Desemba 1 ya mwaka huohuo, mtu mmoja aliyekuwa akisafiri kwa pikipiki ya theluji kutoka Noorvik kwenda Kotzebue, Alaska, alikwama na kuita kwa simu hiyo. Watafutaji wanne wa kujitolea walikwenda moja kwa moja hadi alipokuwa, wakamfikisha Kotzebue akiwa hajaumia.