Sentimita 70 za Filbert Bayi

Mei 17, 1975, mjini Kingston, Jamaika, Filbert Bayi alikimbia maili moja kwa dakika 3 na sekunde 51.0. Rekodi ya dunia ilikuwa ya Mmarekani Jim Ryun tangu 1967: 3:51.1. Bayi aliipunguza kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, na vitabu vya rekodi vya wakati huo havikuandika tofauti ndogo zaidi ya hiyo. Kwa kasi aliyokwenda nayo, ni kama sentimita 70 za uwanja.

Enzi hizo wapima muda walisimama na saa mkononi. Saa tatu zikitofautiana, ulichukuliwa muda wa katikati. Waliamriwa kubonyeza wanapoona moshi wa bastola, wasingoje mlio, kwa sababu mlio huchukua karibu theluthi moja ya sekunde kufika mita 100.

Mitambo ya umeme ilikwishaanza kutumika pia. Huko Christchurch, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Februari 2, 1974, Bayi aliongoza mita 1500 tangu mwanzo hadi utepe, na sijui mbio nyingine ya Mtanzania iliyokuwa na ujasiri kama ule. Nyuma yake, John Walker wa New Zealand naye aliipita rekodi ya zamani ya dunia, akaambulia medali ya fedha! Mtambo ulisoma 3:32.16; rekodi ikaandikwa 3:32.2, maana desimali ya pili ilipandishwa. Mwaka 1979 Mwingereza Sebastian Coe alipoivunja kwa 3:32.03, iliandikwa 3:32.1. Sehemu za mia zilianza kuhesabiwa katika mbio hizo mwaka 1981.

Kanda ya Ziwa nayo ina mtu wake. Ukitoka Magu kwa barabara ya Musoma unaelekea upande wa Majita, kwao Suleiman Nyambui. Februari 1981 alikimbia mita 5000 ndani ya ukumbi mjini New York kwa 13:20.4, muda bora kuliko wote duniani kwa mbio za ndani. Lakini shirikisho la riadha la dunia lilianza kutambua rekodi za ndani mwaka 1987 tu.

Kijana wa Magu leo anayetaka kuwafuata anahitaji kwanza uwanja uliopimwa sawasawa. Mzunguko wa mita 400 uliochorwa kwa chokaa hupimwa sentimita 20 nje ya mstari wa ndani, mahali miguu inapopita. Mwalimu akivuta futi kamba juu ya mstari wenyewe, mkimbiaji wake wa mita 1500 atakimbia zaidi ya mita nne za ziada, na saa itamwonyesha kuwa mzito kuliko alivyo.