Oili na grisi ndizo uhai wa mashine ya kusaga visiki

KWA miaka mingi, wakulima wa Adu katika eneobunge la Magarini, Kaunti ya Kilifi, wamekuwa wakiondoa visiki kwa shoka, jembe na moto. Mashine ya kusaga visiki huifupisha kazi hiyo, na anayeimiliki anaweza kujipatia riziki kwa kukodiwa shamba baada ya shamba.

Hata hivyo, mtaji wote huo unaweza kuteketea kwa siku moja iwapo mwenye mashine atapuuza oili.

Mashine yenyewe ni gurudumu la chuma lenye meno magumu, linalozungushwa na injini. Meno hayo hukitafuna kisiki kuanzia juu hadi chini ya usawa wa ardhi, na unga wa mti unaosalia hufaa kwa matandazo.

Kwa anayeanza, mashine ndogo ya kusukumwa kwa mikono, yenye injini ya petroli ya takriban nguvu-farasi 13, inatosha. Hubebwa kwa pikapu na kupita penye nafasi finyu. Kabla ya kununua, ni busara kuulizia Malindi na Mombasa iwapo meno, mikanda na vichujio vyake vinapatikana.

Injini nyingi za aina hii huwekewa oili katika tangi lake, mbali na petroli. Penye joto kama la Pwani, oili ya SAE 30 hufaa, na nyingi hukubali pia 10W-30, mradi kijitabu cha mashine kinaruhusu. Kipimo chake hutazamwa kila asubuhi, mashine ikiwa mahali tambarare. Kwa kawaida oili hubadilishwa baada ya saa 20 za kwanza, kisha kila baada ya saa 100, au mapema zaidi penye vumbi jingi. Kichujio cha hewa nacho husafishwa mara kwa mara.

Msumeno wa injini, unaotumika kukata shina kabla ya kusaga, ni tofauti. Wake huchanganywa oili maalumu na petroli. Ikiwa kipimo ni 50 kwa 1, kila lita ya petroli hutiwa mililita 20 za oili. Petroli tupu huweza kuiua injini hiyo kwa dakika chache, ilhali oili ikizidi, moshi hujaa na plagi huchafuka.

Mnyororo wa msumeno una oili yake nzito yenye kunata. Wengi huvutiwa na oili chafu iliyomwagwa gereji kwa kuwa haina gharama. Lakini hiyo ina chembe za chuma zinazokwangua vyuma vya msumeno, hudhuru ngozi na kuchafua udongo wa shamba.

Beringi za gurudumu hupakwa grisi. Mikanda haipakwi chochote, kwani itateleza.

Aina ya mti pia huamua kazi. Kisiki cha mnazi kina nyuzi zinazoweza kujisokota kwenye gurudumu, lakini kukiacha kioze ni kuwapa makao mbawakawa wanaoshambulia minazi mingine. Mathenge huchipuka tena kisiki kisipoondolewa hadi chini ya ardhi.

Mawe huvunja meno na kuruka kama risasi. Kwa hivyo udongo huchimbuliwa kwanza kuzunguka kisiki, mwendeshaji akavaa miwani na viatu vizito, na watoto wakawekwa mbali.

Ni muhimu pia kuthibitisha kuwa mwenye shamba ana idhini ya kuondoa mti. Mnamo 2022, ung'oaji wa mibuyu Kilifi ili isafirishwe Georgia ulizua malalamiko, na Rais William Ruto akaamuru uchunguzi kuhusu leseni ya shughuli hiyo.

Mwisho, saa za kazi, petroli, oili na meno yaliyobadilishwa yaandikwe daftarini. Bei ikitozwa kulingana na upana wa kisiki na gharama hizo, mteja hatapunjwa, wala mwenye mashine hatafanya kazi ya hasara.