Lipu: kukauka si kukomaa

Fundi hugusa lipu mpya kwa kiganja na kusema: “Imekauka, tupake rangi.” Neno hilo halitoshi. Kukauka ni kupoteza maji, lakini lipu ya saruji lazima ikomae, ndiyo maana siku za mwanzo humwagiwa maji, kisha husubiriwa hadi siku 28 hivi. Atajibu kwamba uso ni mkavu kabisa. Ni kweli, ila ndani maji yangali yakitoka na chokaa kali, na chokaa hiyo hugeuza rangi ya mafuta kuwa kama sabuni, ikavimba malengelenge na kubanduka vipande vipande. Heri tuseme “imekomaa”. Lakini dari ya jipsamu haina saruji. Hiyo, ikikauka viungio, yatosha kupigwa msasa na kupakwa.